Kachiri Bila Karai

Mimi nimelelewa na karai. Sitii chumvi. Mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipobaki peke yake na watoto wanne katika Mji wa Kale wa Mombasa, hakuwa na cheti wala shamba wala ndugu mwenye mali. Alikuwa na karai la chuma, ubao wa kukatia, na kisu kilichonolewa hata kikabaki chembamba kama jani la mwembe. Kwa vitu hivyo vitatu alitulisha, akatuvisha na kutupeleka shule. Kalamu niliyoishika kwa miaka thelathini na mitano ya ualimu ilinunuliwa kwa kachiri za muhogo, na hilo sijapata kulionea haya.

Msomaji asiye wa pwani yetu huenda asijue kachiri ni nini. Ni muhogo mbichi uliomenywa, ukakatwa vipande vyembamba mno hata mwanga ukapita, kisha ukakaangwa ndani ya mafuta mengi mpaka ukakauka na kuwa mwepesi. Hutiwa chumvi na pilipili ya unga, hukamuliwa ndimu, hufungwa katika karatasi na kuliwa papo hapo huku mtu akitazama bahari. Wengine huziita krispi. Na muhogo wenyewe si wa kwetu kwa asili. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno, wale wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Walituachia ngome na walituachia muhogo. Mimi naona katika viwili hivyo chenye maana ni muhogo.

Kila siku mama alikuwa akienda Marikiti asubuhi na kurudi na mihogo kikapuni. Hakununua muhogo bila kuuvunja ncha na kuuonja kwa ulimi. Ukiwa mchungu aliurudisha, hata kama bei imeshushwa nusu. Siku zile nilidhani ni udhia wa kina mama wa sokoni tu. Nilipokuwa mtu mzima nikasoma kwamba uchungu ule ni dalili ya sumu ya jamii ya sianidi. Mihogo yote inayo, lakini michungu inayo zaidi, na katika miaka ya njaa imepata kulemaza miguu ya watu huko Msumbiji, Kongo na Tanzania, walipokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vyema. Mama hakuyajua majina hayo. Alijua kuonja, kumenya hadi ganda la ndani, na kuroweka.

Kukaanga kwake hakukuwa kwa saa wala kwa kipimo. Kulikuwa kwa sikio. Vipande vikitiwa ndani ya mafuta, karai hupiga kelele kama mvua ya masika juu ya bati. Kidogo kidogo kelele hupungua, zikawa kama manyunyu, kisha hutulia. "Karai likinyamaza, epua," alikuwa akituambia. Mtu akiepua kabla, kachiri hulainika njiani. Akichelewa, huungua. Baada ya kuepua alizimimina katika kung'uto la makuti lililotundikwa karibu na moto, akalitikisa kwa nguvu zingali za moto, mafuta yakachuruzika. Mafuta yalikuwa ghali, naye hakuwa na ya kumpa mteja bure.

Alasiri ikifika tulitoka. Dadangu mkubwa alichukua kikapu kichwani, mimi nilichukua ndimu, pilipili na karatasi za gazeti zilizokatwa, tukaenda kwa miguu hadi ule ufuo wa Mama Ngina ambao wenyeji tunauita Laitihausi, mahali ambapo meli za Kilindini hupita karibu hata mtu akadhani atazigusa. Mimi nilijifunza kusoma magazeti kwa kuyakunja. Dada hakupata nafasi hiyo. Alipofika umri wa miaka kumi na sita mama aliugua, na karai likawa lake. Alikaa nalo zaidi ya miaka arobaini. Wako watu wazima leo, wengine wana vyeo, ambao wakiniona barabarani hawaniulizi habari za shule niliyowasomesha, huniuliza, "Mwalimu, yule dada yako wa kachiri hajambo?"

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 2016 niliambiwa nina presha. Daktari, kijana mpole, alinieleza kwa adabu kwamba nipunguze chumvi na mafuta. Nilimtii nyumbani kwangu. Nyumbani kwa dada sikumtii. Mke wangu alikuwa bado hai, akanipikia kwa uangalifu mkubwa, nami nikitoka msikitini jioni napitia kwa dada, nakaa barazani, naletewa sahani. Kwangu nilikuwa mgonjwa, kwa dada nilikuwa mzima. Sikumweleza habari ya daktari, kwa sababu nilijua atakavyosikia. Kumwambia fundi kwamba kazi ya maisha yake ni sumu ni neno zito, na mimi sikuwa na ulimi wa kulibeba.

Likaja kusemwa kwa njia nyingine. Mwaka 2022, alfajiri moja, dada aliinuka kutia udhu na mkono wa kulia ukakataa. Kilikuwa kiharusi. Mungu alimhurumia, akarudi kutoka hospitali akiwa na kauli yake na akili zake, lakini mkono ule ulibaki mzito, na vipimo vikaonyesha kwamba mbali na presha alikuwa na sukari, pengine kwa miaka mingi bila kujua. Alipewa karatasi ya masharti. Bintiye aliisoma kwa sauti mbele yetu sote, na kila mstari ulikuwa kama unamtaja yule mama aliyelala kitandani kwa jina: mafuta mengi, chumvi nyingi, vya kukaangwa, wanga mwingi. Dada alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Basi mngenizika tu," akageukia ukutani.

Karai likafudikizwa uani. Likaanza kushika kutu, na hakuna aliyethubutu kuliondoa.

Bintiye alimpikia kama alivyoagizwa. Samaki wa chukuchuku, mboga za kuchemsha, ugali kidogo. Ni chakula kizuri, lakini dada alikula kama mtu anayelipa deni la mwingine. Akakonda. Siku moja nilipokaa naye aliniambia, "Mdogo wangu, kufa si neno, kila mtu atakufa. Lakini nife na ulimi uliosahau kazi yake?" Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni peke yangu, maana mke wangu alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, nikatazama chini ya meza. Pale palikuwa na sanduku lililoletwa na binti yangu anayefanya kazi Muscat. Lilikuwa halijafunguliwa kwa mwaka mzima. Ndani yake mlikuwa na ile mashine ya kukaangia kwa hewa, ambayo vijana huiita eafraya.

Mimi nilikuwa nimeidharau. Nilidhani ni anasa ya Ghuba, kitu cha watu wenye vyumba vya baridi. Na jina lake lilinichekesha, maana mtu hukaanga kwa mafuta, hakaangi kwa pumzi. Nilipoisoma na kuichunguza niliona kwamba kwa kweli haikaangi. Ni tanuri ndogo yenye upepo. Juu mna waya unaopata moto kwa umeme, na nyuma yake pangaboi linalosukuma ile hewa ya moto kwa kasi juu ya chakula kilichowekwa katika kikapu chenye matundu. Hewa inayokwenda kasi hukausha na kuchoma kuliko hewa iliyotulia, kama vile nguo hukauka upesi siku ya kaskazi. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha ya kwake Berlin mwaka 2010, na tangu hapo zimetengenezwa na kila mtu. Yangu inakula wati 1500. Nikafanya hesabu kama mwalimu yeyote: dakika ishirini kwa nguvu zote ni nusu uniti ya tokeni, na kwa kuwa waya hujizima na kujiwasha, haifiki hata hapo.

Nikanunua muhogo, nikauonja, nikaumenya, nikaukata jinsi nilivyokumbuka. Nikaweka nyuzi 200 kwa pupa, nikabonyeza. Dakika ya pili nikasikia harufu ya kuungua. Vile vipande, kwa wepesi wake, vilikuwa vimepeperushwa na upepo hadi juu, vikanasa kwenye waya wa moto. Nilizima, nikasubiri, nikavitoa kwa kijiti. Vilivyobaki chini nilivirudisha, na baada ya robo saa nilitoa vitu vyenye rangi ya kupendeza kabisa. Nikauma kimoja. Msomaji, nimepata kuuma magome ya mwarobaini nilipokuwa na malaria utotoni, na magome yale yalikuwa laini zaidi. Mjukuu wa dada, ambaye hupenda kuja kwangu kwa sababu ya televisheni, aliokota kimoja, akakigonga mezani, kikalia ko, ko. "Babu," akaniuliza, "hizi ni za kula au za kuchezea?"

Nilihitaji kuelewa mafuta yanafanya nini, ndipo nijue kukosekana kwake kunaleta nini. Nami nikajifunza kwamba ile kelele ya karai la mama ni maji ya muhogo yanayogeuka mvuke na kutoka. Muda wote mvuke unapotoka kwa nguvu, mafuta hayawezi kuingia sana. Mvuke unayasukuma nje. Kelele ikinyamaza, maji yamekwisha. Kachiri inapoepuliwa na kuanza kupoa, mvuke uliobaki ndani hujikunja, ukaacha nafasi, na mafuta yaliyoganda juu ya kachiri huvutwa ndani ya nafasi hiyo. Yaani sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya kuepua. Niliposoma hivyo niliweka kitabu chini. Kumbe lile kung'uto na kule kutikisa zingali za moto havikuwa ubahili mtupu. Mwanamke yule asiyejua kuandika jina lake alikuwa amekwisha kuligundua jambo hilo kwa mkono.

Hata hivyo, nisimfanye mama kuwa mtakatifu wa afya. Krispi za kukaangwa, hata zikitikiswa, hubaki na mafuta mengi. Zile za viazi za pakiti za dukani huwa na mafuta kama theluthi ya uzito wake, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9, zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga. Katika mashine yangu mimi hutia kijiko kimoja cha chai kwa kikapu kizima. Tofauti hiyo si ya kubishaniwa. Lakini mafuta pia ndiyo yanayopika ndani haraka kabla ya nje kukauka. Hewa haina nguvu hiyo. Muhogo mbichi ukiachiwa hewa peke yake, hukauka kabla haujaiva, ndipo ukawa gome.

Dawa yake niliipata baada ya wiki mbili na mihogo mingi iliyokwenda kwa kuku wa jirani. Kwanza kata vipande vyembamba kama sarafu, visizidi. Viroweke katika maji mengi nusu saa ili wanga wa juu utoke. Kisha vitie katika maji yanayochemka kwa dakika mbili tu, vikipata kung'aa kidogo viopoe. Vitandaze juu ya kitambaa safi, uvikaushe kwa kitambaa kingine, na usiharakishe hapa, kwa maana kipande kilicholowa hupikwa kwa mvuke, hakikauki. Vipake kile kijiko cha mafuta kwa vidole. Vipange visilaliane. Juu yake weka kiwavu cha chuma visipeperuke. Nyuzi 160, dakika kumi na tano hadi ishirini, ukivitikisa mara tatu. Vikiwa rangi ya dhahabu, toa. Visifike kahawia.

Nasisitiza rangi kwa sababu. Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa moto wa zaidi ya nyuzi 120 bila maji, hutokea ndani yake kitu kiitwacho akrilamaidi, ambacho hakitakiwi mwilini, na kadiri chakula kinavyozidi wekundu ndivyo kinavyozidi. Eafraya haikufuti jambo hilo. Wauzaji wake husema kana kwamba mtu akiacha mafuta ameacha madhara yote, si kweli. Kuroweka hupunguza, na kutoa mapema hupunguza.

Basi nikamchukulia dada sahani, nimeifunika kwa kawa kama ilivyo ada. Alitazama. Alichukua kimoja kwa mkono wa kushoto, akakivunja karibu na sikio lake, hakukitia mdomoni. "Umekaanga wapi?" Nikamweleza. Akakiweka chini. Akasema, "Hizi ni kachiri za Ulaya, mdogo wangu. Mwacha asili ni mtumwa." Bintiye alicheka kwa aibu ili kunipunguzia, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuumia. Nilirudi na sahani yangu imejaa. Njiani nilikutana na mzee mwenzangu akaniuliza nimebeba nini, nikasema vyombo.

Usiku ule nilifikiri sana. Niliona kwamba nilimkosea, ingawa si kwa nia. Nilikwenda kwake kama mtu anayempelekea fundi viatu vilivyoshonwa na mashine na kumwambia, vaa hivi, vyako vilikuumiza. Lakini pia sikukubali kwamba asili yetu ni mafuta. Katika utoto wangu karatasi moja ya kachiri ililiwa na watu wawili, tena ya Jumapili, tena na watu waliotoka Majengo hadi baharini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mama mwenyewe alionja vipande viwili kwa siku ili kujua chumvi. Sisi tuliofanikiwa, tuliopata kiti na gari na mshahara wa kila mwezi, ndio tuliozigeuza kachiri kuwa chakula cha kila siku mbele ya televisheni. Na dada, aliyekaa kando ya karai miaka yote hiyo, mara nyingi hakupata muda wa kupika kingine. Alikula zilizovunjika, zisizouzika. Hilo bintiye ndiye aliyeniambia. Mimi sikupata kujua, na nilikuwa nikila sahani nzima barazani kwake.

Kulikuwa na neno jingine ambalo nililikwepa kwa furaha ya kupatia: muhogo ni wanga. Uukaange, uuchome, uupulizie hewa, utabaki wanga, na mwili wa mwenye sukari hautaulizi umepikiwa wapi. Bintiye alimpima baada ya yeye kuvizia vipande kadhaa, maana baadaye ilijulikana kwamba vile vichache nilivyoviacha jikoni kwao alivila, na kipimo kikasema wazi. Kwa hiyo mashine ilikuwa imetatua nusu tu ya tatizo, tena nusu iliyo rahisi.

Ndipo nikahamia kwenye mboga. Hapa nikiri kwamba mashine hii, kwa muhogo ni mwanafunzi wa wastani, lakini kwa mboga ni bingwa. Bamia, ambayo wengi huichukia kwa utelezi wake, ukiioosha na kuikausha vyema, ukaipasua kwa urefu mara nne, ukaipaka mafuta kidogo na bizari, ukaiweka nyuzi 180 kwa dakika kumi na mbili, utelezi wote hutoweka na hubaki vijiti vinavyovunjika mdomoni. Sikuamini mara ya kwanza. Nilikula kikapu kizima nimesimama. Biringani sikulifaulu, lilinywa mafuta na kulainika, nikaliacha. Sukuma wiki hutaka uangalifu: toa vikonyo, chana majani, yapake mafuta matone machache, yabanwe chini ya kiwavu, nyuzi 150, dakika tano. Dakika ya sita ni majivu. Yakitoka yana chumvi yake yenyewe, wala hayahitaji nyingine, na jambo hilo si dogo kwa mtu aliyeambiwa asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote kuanzia mkate wa asubuhi.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni karela. Sisi wa Mombasa tumeizoea kutoka kwa majirani zetu Wahindi, na dada aliipenda tangu ujanani, uchungu wake na yote. Nilizikata duara nyembamba, nikatoa mbegu, nikazikamulia ndimu na kuziacha robo saa, nikazikausha, nikazipaka mafuta na pilipili. Nyuzi 160, kama robo saa. Zilikunjamana, zikawa nyepesi, na zilipokatika mdomoni zililia sauti ile ile.

Safari hii sikupeleka sahani. Nilimwalika aje kwangu. Nilimwambia bintiye kwa simu, "Mwambie mamako mashine imenishinda, nataka anitazamie." Haukuwa uongo. Akajibu, "Mjomba, ukimwambia umeshindwa atakuja hata kwa kutambaa." Wakaja kwa tuktuk siku ya Ijumaa baada ya sala. Dada aliingia jikoni kwangu kwa fimbo, akatazama kila kitu kama mkaguzi wa shule, akavuta kiti mwenyewe akakaa.

Nilimpa karela. Alikula moja. Akatafuna polepole upande wa kushoto, ule wenye meno. "Chumvi imekwenda wapi?" akauliza. Nikamwambia imebaki dukani. Akanyosha mkono akachukua ndimu, akaikamua kwa kushoto, nyingi, zaidi kuliko ambavyo ningethubutu, akala ya pili, na ya tatu. Hakusifu. Mimi nimemjua dadangu miaka yangu yote, na kwake kutosifu huku anakula ni sifa.

Kisha macho yake yakaangukia muhogo mmoja uliokuwa pembeni. Nilikuwa nimeununua kwa ajili ya mjukuu. "Huu umeuonja?" Nikamwambia nimeuonja. Hakuniamini, akavunja ncha akauonja mwenyewe. "Haya, kata. Nione." Nikaanza kukata, naye akaanza kunirudi kama mtoto. Kisu nimekishika kama ninakata mkate. Muhogo ugeuzwe, usisukumwe. Kidole gumba kikae nyuma. Mwishowe alichoka na mimi, akavuta ubao karibu, akamwambia mjukuu aushike muhogo kwa upande wa kulia, yeye akashika kisu kwa kushoto. Kipande cha kwanza kilitoka kinene, cha pili kikakatika. Cha saba au cha nane nilikiinua kwenye dirisha, mwanga ukapita.

Nilichemsha, nikakausha, nikapanga. Tuliposubiri hapakuwa na harufu, na hicho ndicho kitu ninachokikosa katika mashine hii hadi leo. Zamani karai la mama lilikuwa likiwaita watoto wa mtaa mzima, hii jirani wa mlango wa pili hajui kama unapika. Inavuma tu. Dada hakuupenda mvumo ule. "Inapiga kelele mwanzo hadi mwisho," akasema, "utajuaje kama zimeiva?" Nikamwambia ina kengele. Akatikisa kichwa.

Kengele ikalia. Nikavuta kikapu. Zilikuwa za rangi ya dhahabu, na mimi nilitaka kuzimimina.

"Ngoja," akasema. "Nyamazeni nyote. Hebu tikisa."

Nikatikisa. Zikatoa sauti nzito kidogo, kama majani yaliyopata umande.

"Bado. Zina maji."

"Dada, saa imesema..."

"Saa haijapata kukaanga kachiri. Rudisha."

Nikazirudisha dakika mbili. Mjukuu alikuwa amesogeza sikio lake karibu na mashine, nimemkataza asijichome. Nilipovuta kikapu tena dada alinyosha mkono wa kushoto, akakishika kile kishikio mwenyewe, akakitikisa mara moja kwa nguvu kama ambavyo mama alikuwa akilitikisa lile kung'uto, na vile vipande vikalia kama vigae vidogo.

"Epua," akasema.

Alikula vipande vitatu, akavihesabu mbele ya bintiye, akajifuta vidole. Vilivyobaki akamsukumia mtoto. Kisha akaniuliza kama Ijumaa ijayo nitakuwapo, na kama huko Marikiti bado wanauza bamia zile fupi, kwa sababu hizi ndefu nilizonunua ni ngumu, na ningekuwa na akili ningeziona kwa macho.